Nyumba Nne Alizonikabidhi Mama

Wakuu wangu wa bwenini, hamjambo nyote. Daftari letu la kupokezana limefika kitandani kwangu, zamu ya kuandika ni yangu. Mnajua mimi si msemaji, ila kwa kalamu sitaficha kitu. Majina tu nimeyageuza.

Mama yangu ni mshonaji mtaani kwetu, Nguvumali. Huwashonea wanawake wa majumbani, wale wasioweza kwenda kupimwa na fundi mwanamume. Huwafuata kwao.

Hatumii futi. Kila mteja ana kigwe chake, na mama amekipiga mafundo: hapa kifua, hapa mkono, hapa urefu. Vyote vimening'inia ukutani, na hakuna avisomaye ila yeye. Mimi nikiviona ushamba. (Msinicheke, nilikuwa nimeshajua inchi.)

Mwaka huu kazi zikazidi, watu wakaagiza hata kutoka Muheza. Mama akamweka fundi Saidi barazani na cherehani ya pili, yeye akabaki kuzunguka majumbani mpaka miguu ikavimba.

Likizo iliyopita akanikabidhi nyumba nne. Ya kwanza kwa Bi Zaina, mteja wake tangu anaanza.

"Usipime ukaondoka," akaniambia. "Kaa, unywe kahawa. Muulize mwanawe aliyeko Maramba hajambo? Mimi na hawa si mshono tu."

Nikaitikia. Lakini mimi na kukaa na wakubwa, mnanijua.

Nilimpa Bi Zaina shikamoo yake, nikatoa futi, nikapima. Kahawa nikaikataa. Nyumba zote nne nikazimaliza kabla ya adhuhuri, nikajiona hodari.

Sasa sikilizeni. Bega la kushoto la Bi Zaina limeshuka, alianguka utotoni. Ndani ya buibui huoni, na ndani ya gauni mama humwekea pamba. Miaka yote hiyo hata sisi nyumbani hatukujua.

Mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: jina lake, na chini yake, "bega la kushoto limeshuka inchi mbili". Nikampa fundi Saidi karatasi.

Fundi Saidi ana tabia ya kusoma kwa sauti kabla hajakata. Barazani walikuwapo wanaume watatu wanacheza bao.

"Kumbe Bi Zaina kapinda," mmoja akasema. "Ndiyo maana mumewe hutembea upande ule, amzibe."

Wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni, nikarudi ndani.

Kesho yake, maneno yameshamfikia, Bi Zaina akatuma mtu aje achukue kitambaa chake, hata hakijakatwa.

Mama akajitanda kanga akaenda. Akapokelewa, akapewa kahawa, wakazungumza habari za mvua. Kitambaa hakikutajwa.

"Amenipokea kama mgeni," akaniambia aliporudi. Basi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Nikamwomba nizirudie zile nyumba tatu, safari hii nitakaa.

"Acha, mwanangu. Nitakwenda mwenyewe."

Mpaka likizo inaisha alikwenda mwenyewe, na jua lile, na miguu ile, mimi nimekaa ndani mzima wa afya.

Nilichojifunza: mama alinikabidhi watu wake, nami nikachukua vipimo vyao tu. Bi Zaina ni mmoja. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama hataki tena kumwachia mtu yeyote kazi ile.

Wakuu, nipeni shauri hapa chini, hasa nyie ambao mama zenu wana wateja. Likizo ijayo niende kwa Bi Zaina kumwomba radhi? Au nikilitaja tena lile bega mbele yake nitakuwa nimemwumiza mara ya pili?