Kichanga Kilichocheulishwa Mbalizi

Juzi, katika duka moja la dawa Mbalizi, binti mwenye kichanga kilichokuwa kinalia huku kimekunja miguu aliomba dawa ya gesi.

"Huyu bado mdogo mno kwa dawa," muuzaji akamwambia. "Akishanyonya unamcheulisha?"

"Sijui kufanya hivyo, dada. Huyu ni wa kwanza."

Mama mmoja kwenye foleni akampokea mtoto, akamweka begani, akampapasa mgongo taratibu. Mtoto akacheua kwa sauti, akatulia. Tukacheka.

"Asante, mama. Wewe unao wangapi?" binti akauliza.

"Nilikuwa naye mmoja."

Kicheko kikakatika. Yule mama akaendelea kumpapasa. Sisi wa kwenye foleni, ambao kwa kawaida hatuna subira hata na mgonjwa, hakuna aliyemwambia amrudishe.