Tulivyokwenda Gatuanyaga Kujifunza Kuzalisha Mbuzi

Kilichotutoa nyumbani ni aibu. Mbuzi wetu wa maziwa, tunayemfuga kwenye ploti ya Mugutha, alikuwa amezaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto akafia mikononi mwa shemeji yangu Njoroge, bingwa wa kuwavuta watoto watoke. Sasa alikuwa na mimba tena. Mume wangu alisema mtoto huyu naye akifa, mbuzi anauzwa, na binti yangu Shiro akasusia chakula.

Jumamosi asubuhi mimi na Njoroge tulitoka nyumbani Membley kwa gari lake. Tulikuwa tunaenda kwa Mwalimu Wangechi, aliyefundisha bailojia hadi akastaafu, na sasa anafuga mbuzi.

"Mimi hizo vitu nimeziona zote kwa simu," Njoroge akasema. "Nakusindikiza tu."

Kabla hatujafika Juja alikuwa amenieleza magonjwa ya mbuzi, ya ng'ombe, na kidogo ya binadamu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Thika tulisimama kununua mkate na majani ya chai ya kumpelekea mwenyeji. Hata muuza mkate alipewa ushauri. Tulipouacha mji, lami iliisha na vumbi likaanza, lakini Njoroge hakufunga dirisha wala mdomo.

Gatuanyaga tulimkuta Mwalimu ananawa mikono kwa sabuni. Mbuzi wake alikuwa akisukuma, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimetokeza na mguu mmoja tu.

"Vuta!" Njoroge akaamuru.

Mwalimu hakuvuta. Aliita ng'ambo ya ua, "Mama Kui! Yule wako alikuja na mguu moja, mlimfanya aje?"

"Tulimuinua huku nyuma, mtoto akarudi ndani kidogo, tukatafuta ule mguu mwingine!"

Akafanya hivyo. Mtoto akatoka, akapiga chafya.

"Mwalimu mzima," Njoroge akasema, "miaka hiyo yote, bado unauliza majirani?"

"Lakini huyu sijawahi kumzalisha," Mwalimu akajibu, akaenda kuinjika chai.

Njiani tukirudi, Njoroge alisikitikia petroli tuliyomaliza kwa mtu asiyejua. Nilimdharau hadi Ruiru, kwa raha zangu.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, mbuzi wetu akaanza kusukuma kule Mugutha. Kichwa, na mguu mmoja. Njoroge alikuwa keshaushika.

"Wacha!" nikamfokea, nikamsukuma kando. Nilimwinua mbuzi kwa nyuma juu ya gunia la nyasi, nikanawa, nikaingiza mkono hadi nikaupata mguu wa pili. Mtoto akatoka akilia. Nami nikalia.

Aliyempigia Mwalimu simu ni Njoroge, tena kwa spika, majirani wasikie. "Mwalimu, nimezalisha!"

Nilingoja Mwalimu amtie adabu. Nilitamani sana amtie adabu.

"Ngai! Hebu niambie," Mwalimu akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Mlimuinua na nini?"

"Gunia."

"Kumbe gunia! Mimi nilimshika na mikono, mgongo inaniuma hadi leo. Na alitulia, ama alirusha mateke?"

Njoroge akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia.

"Mama Shiro," akanong'ona, "alitulia?"

Tangu niolewe katika ukoo huu, hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu. Nikameza kicheko changu, nikamwambia ndiyo, alitulia.