Vidonge vya Mwali

Hasira zangu ziko karibu, na kazi ya uhudumu wa afya ya jamii haimtaki mtu wa namna hiyo. Mlimani juu ya Bigwa wananiita dokta, ingawa dawa zote hutoka kliniki na mimi ni miguu tu.

Mwaka juzi, likizo ya Juni, nilipanda kumpelekea binti wa miaka kumi na minne dawa zake za kufubaza virusi. Alizaliwa navyo. Mama yake alishafariki, akalelewa na bibi yake, na pale kijijini siri hiyo tuliijua watatu tu: bibi, binti mwenyewe na mimi. Nilimpenda mtoto yule. Tangu yuko darasa la pili alikuwa akija kunipokea mkoba njiani.

Safari hii hakuja. Nilimkuta bibi amesimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio kavunja ungo. Yumo ndani, ni mwali sasa. Haonwi."

"Na dawa anameza?"

Bibi akatazama migomba. Mama wadogo wa binti walikuwa wakiingia na kutoka kutwa nzima kumfunda. Kopo la vidonge bibi alilishindilia pamba lisitoe sauti, lakini bado aliogopa kulitoa. Siku nne binti hakuwa amemeza kitu.

Niliwaka. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mwanamke wa rika la mama yake, tena nikamtishia kumwita muuguzi wa kliniki. Aliniacha nikamaliza.

"Umemaliza? Haya, vua hicho kizibao cha kliniki na viatu. Nitawaambia nimekuomba uwe kungwi wake wa mambo ya usafi."

Niliona aibu, na mpaka leo nikikumbuka naona. Ujuaji wangu wote, na hilo sikuwa nimeliwaza.

Siku tisa nilipanda kila asubuhi, nikakaa naye mkekani, akameza kidonge mbele yangu kwa uji wa bibi. Siku ya tatu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nitakuja kuzaa?" Nikamwambia atazaa, na akimeza dawa bila kukosa, mtoto atakuwa salama. Alicheka peke yake. Mimi nikajifanya natafuta kalamu mkobani.

Siku ya kumtoa nje, ngoma ilipopamba moto, mama yake mdogo mmoja, mwanamke wa macho makali, alimsimamisha mbele ya wanawake wote.

"Hebu tuambie, huyu dokta alikuwa anakufundisha nini humo ndani kila asubuhi?"

Ngoma ikanyamaza. Bibi alinishika mkono. Binti hakuinua macho.

"Ya kungwi hayatolewi nje, mama."

Ndivyo mwali aliyefundwa akafundika anavyotakiwa kujibu. Mama mdogo yule alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele.