Vipimo vya Kidatu

Katika miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha Ifakara, na nilijiona bingwa. Ubingwa wangu wote ulikaa ndani ya daftari la shule. Humo nilinakili vipimo vya fundi wa Kidatu aliyenifundisha kusafisha picha: iliyopigwa ndani, washa taa ya mashine ya kukuzia juu ya karatasi sekunde tano; ya juani, sekunde nane. Nilivipigia mstari kwa wino mwekundu, kisha nikawagawia wapiga picha wawili wa sokoni kana kwamba nimevigundua mimi.

Msimu wa mavuno akaja mama mmoja kutoka Michenga na bahasha ndogo. Ndani mlikuwa na negativu moja ya mwanawe wa kwanza, marehemu. Picha yenyewe ilichukuliwa na mafuriko, na hakuwa na nyingine. Alitaka nne, wadogo wa marehemu wapate kila mmoja yake kwenye misa ya Jumapili.

Nikamwambia akae mlangoni, nikaingia chumba cha giza. Juani, sekunde nane. Kijana akatoka mweupe kama amemwagiwa unga. Bingwa hakustuka, akatoa wengine watatu weupe vilevile. Nilimweleza mama kwamba picha za kisasa ndivyo zilivyo. Alipozidi kuzitazama nikalaumu karatasi, halafu dawa, na mwisho, Mungu anisamehe, nikamlaumu marehemu kwa kusimama kwenye jua kali.

"Mwanangu alikuwa mweusi, baba," akasema. "Huyu simjui."

Nikarudi ndani nimeona aibu hasa. Nilikuwa bado nafunua daftari pale mashine ya kukoboa mpunga ng'ambo ya barabara iliponyamaza, na taa yangu ikang'aa ghafla. Kidatu umeme unazalishwa pale pale. Sisi ulitufikia umechoka, na wakati wa mavuno mashine za mpunga ziliunywa wote. Mji mzima ulijua hivyo, hata watoto. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mimi nilitegemea hadi umeme wa nduguye.

Mashine ikaanza tena kunguruma. Safari hii niliacha daftari, nikairefushia taa hafifu muda wa kuikoleza karatasi, nikatoa picha tatu kutoka negativu ileile: sekunde kumi, kumi na tatu, kumi na sita. Nikampangia mama zikiwa bado mbichi. Mimi niliisifu ya katikati kwa sababu vifungo vya shati vilionekana vizuri. Yeye akachukua ya mwisho, ambayo shati lilikuwa karibu kupotea gizani, akaishika kwa mikono miwili na kulia.

Alipojifuta machozi aliniuliza rangi ya mwanawe niliitafuta wapi muda wote ule. Nikamwonyesha daftari la Kidatu.

"Na mimi nilikuwa nimekaa hapo mlangoni tangu asubuhi," akasema. "Ungeniuliza."