Goti la Ami Nasri

Chumba cha Ami Nasri kilinuka dawa ya kuchua. Nyumba nyingine zote za mji wetu wa Nizwa zilinuka udi na kahawa ya hiliki. Kwake, ukifungua mlango tu, ile dawa inakupanda puani na machozi yanakutoka. Ami alikuwa mdogo wake baba. Alipelekwa Ireland kusomea uhandisi miaka minne, akakaa kumi na tatu, na alichorudi nacho, mbali na cheti, ni habari za mpira. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na pa kukimbilia, basi nilizisikiliza zote. Mpira wenyewe si huu tuujuao. Wako kumi na tano kila upande, unaudaka kwa mikono, unakimbia nao hatua nne, halafu uudunde chini au uupige kwa ncha ya mguu ukurudie mikononi. Ukiupitisha juu ya mwamba ni pointi moja, ukiutia wavuni ni tatu. Ami aliichezea timu ya kijiji kimoja cha huko misimu kumi, na mara moja walifika fainali wakashindwa kwa pointi moja. Hiyo fainali tumelishwa mchana na jioni mpaka tukavimbiwa.

Bibi, mama yao, mzaliwa wa Unguja, hakutaka hata kuusikia. "Mpira gani huo wa kudakwa kama mtoto anayeanguka?" Siku Ami anaondoka alimwambia akasome, asicheze, na kila alipopata habari kwenye simu kwamba anacheza, alimalizia kwa neno lile lile: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miaka kumi na tatu! Na guu likavunjika kweli. Goti la kulia, katika mechi yake ya mwisho, likapasuliwa mara mbili, na tangu hapo halikunjiki ila kidogo. Hilo nililijua mimi peke yangu, kwa kuwa niliingia bila ya kubisha hodi nikamkuta kitandani anajifunga bendeji. Akaniapisha pale pale. "Bibi yako akijua atanisomea ile methali mpaka nife. Na nani atanioza binti yake, kilema mimi?" Wengine wote aliwaambia kastaafu kwa ajili ya umri.

Sasa hebu fikiri tabu yake. Sinia la wali likiwekwa chini, Ami ana kazi ofisini. Kuswali, anaswali chumbani juu ya kiti, mlango kaufunga, na baba anamgombeza kila Ijumaa kwamba Ulaya imemtoa msikitini. Anatembea polepole, wima, watu wanasema maringo. Neno moja tu lingemaliza yote, naye hataki kulisema. Mficha uchi hazai, walisema wazee, lakini Ami wazee hakuwasikia tangu zamani.

Mwaka ule ule akampenda Zuwena, mwalimu wa hesabu wa Ibra, dada wa rafiki yake wa kazini. Walizungumza kwa simu, na yule dada, mashaallah, aliupenda hata huo mpira wake. Aliuliza maswali ambayo sisi hatukuuliza. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Ami akipiga mluzi. Baba akakubali kwenda kuposa, tukafunga safari kwa magari mawili. Tulipopita Sinaw nikamnong'oneza, "Ami, waambie goti linauma." Akanifinya.

Babake Zuwena alikuwa mzee wa haiba, kazaliwa Pemba, Kiswahili chake kitamu. Tuliketi chini juu ya mazulia, wanaume duara, mimi nimejibanza ubavuni mwa baba kwa kuwa nilikuwa bado mdogo. Ami alijikunja. Jasho likamtoka. Finjani ya kwanza ya kahawa haijesha, mguu ukanyooka wenyewe mbele, unyayo umemwelekea yule mzee usoni. Kwetu mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba humwelekezei mtu unyayo, seuze mkwe! Baba akakohoa. "Nasri, kusanya mguu." Ami akasema yuko vizuri. Mzee akautazama ule unyayo, akasogeza sahani ya halua kando, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, huko ulikokuwa ndivyo wanavyokaa?" Lahaula! Mzee kamfungulia mlango mpana, anachotakiwa ni kusema goti tu. Ami akatabasamu, akasema, "Nimezoea, Mzee." Nilifungua mdomo. Akanitazama, nikaufunga. Mzee akaitikisa finjani yake, alama ya kwamba imetosha, akatuombea dua ya safari njema, na habari ya posa haikutajwa. Baada ya wiki likaja jibu kwamba binti bado anasoma. Mwalimu mzima, anasoma nini?

Bibi alilia, na mpaka anakufa aliamini kwamba mwanawe kaharibiwa adabu na Ulaya. Siku hizi nyumba zote tunazoingia zina makochi, vijana wananyoosha miguu mbele ya babu zao huku wakitazama simu, na hakuna anayekohoa. Ami ana fimbo, anasema ya mapambo. Hajaoa. Mwaka jana nilikwenda Sur kwenye mafunzo ya walimu, nikakaa meza moja na mwalimu mkuu mmoja wa Ibra, mama wa watoto wanne. Alikuwa Zuwena. Sikuweza kujizuia, nilikivunja kile kiapo na chai mkononi. Akauliza, "Goti?" Nikamwambia ndiyo, goti. "Marehemu baba naye lilikuwa halikunjiki, tangu alipoanguka kwenye mkarafuu Pemba. Kiti chake tulikificha nyuma ya mlango, kwa heshima yenu. Siku ile alijikaza tu, na kesho yake hakuweza kunyanyuka. Mngesema, wangekalia viti wote wawili."

Nilirudi Nizwa nimekasirika, sijui kwa nani. Ami alikuwa sebuleni na wanangu, kanyoosha mguu wake juu ya kochi. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Sur kulikuwaje?"

"Joto," nikamwambia.