Kilimi Pekee Nyumbani kwa Shangazi

Koo lilipoanza kuniuma hakuna aliyejua, kwa sababu hata siku za uzima mimi sisemi sana. Darasani mwalimu wa Kifaransa aliniuliza swali, nikasimama, sauti haikutoka, naye akanikalisha kama anavyonikalisha siku zote. "Huyu naye na haya zake," alisema. Wenzangu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Ningekuwa msichana wa kelele, mtu angeniuliza, "Leo uko na nini?" Mimi nilipoteza sauti na ikawa kama sijapoteza kitu.

Ninaishi hapa Kasongo kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, kwa ajili ya masomo. Wazazi wangu wako Salamabila. Baba anachimba dhahabu, mama anawapikia wachimbaji. Mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Mama hupanda kilima kuutafuta, na sisi tukimpigia mara nyingi tunaambiwa hapatikani. Shangazi si mtu mbaya, niandike hivyo kwanza. Ananilisha kama anavyolisha watoto wake, na hajawahi kunipiga. Ila nyumba ina wenyewe, na mimi ni mgeni aliyekaa sana.

Siri yangu ilitolewa na bugali. Tulikuwa tunakula sahani moja, ugali huo kwa sombe ya majani ya muhogo, mimi na watoto wa shangazi, na kila tonge lilishuka kama jiwe lenye pembe. Maumivu yalipanda mpaka ndani ya masikio. Mtoto mdogo wa shangazi, anayeniita yaya kama dada yake mkubwa, akasema, "Mama, yaya analilia sombe!"

"Sombe iko na makosa gani?" shangazi akauliza. Kisha akaniangalia vizuri. Akanawa mikono, akaja, akanishika kidevu. Mkono wake ulikuwa baridi, au mimi ndiye niliyekuwa moto. Akawasha tochi ya simu. "Funguwa kinywa."

Nitasema ukweli: tangu nifike katika nyumba hii, hakuna aliyekuwa amenishika uso. Nilifungua kinywa, nikatamani atazame polepole.

"Eeh! Mutoto huyu iko na kilimi!"

Watoto wakaacha bugali, wakaja wote. Kilimi ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa. Kwa shangazi, kila mtoto hukatwa kilimi angali mchanga, eti asikohoe, asitapike maziwa. Mimi sikukatwa. Binti yake mkubwa, wa rika langu, akasema, "Angalia yangu," akafungua kinywa chini ya tochi. Akafuata wa pili, kisha yule mdogo, sombe bado juu ya ulimi. Nyuma ya vinywa vyao palikuwa wazi, kama mlango ulioondolewa pazia. Walisimama hivyo mbele yangu, vinywa wazi wote watatu. Nilitaka kucheka, koo likakataa.

"Ni hii ndiyo inakuuma," shangazi akasema. "Imekuwa murefu, inagusa koo. Mama yako alikuwa anangoja nini? Siku ya soko muganga wa vilimi atapita. Atakukata, utakula."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionibana.

Mama aliwahi kunieleza mara moja tu, tukimenya mihogo, bila kuinua macho. Mdogo wake wa kiume, kule Lusangi, alikatwa kilimi kwa ajili ya kikohozi. Damu haikukoma. Walimpa maji baridi, wakamwinamisha. Akaimeza damu, akaitapika, na jua lilipotua walikuwa wanachimba kaburi. "Ndiyo maana ninyi sikuwakata," mama alisema. Halafu akaniomba sufuria.

Nilikuwa na neno hilo moyoni, lakini sauti ya kulitoa sikuwa nayo. Shangazi alimpigia mama ili amjulishe, hapatikani. Akapiga tena, hapatikani. "Atakuta umepona," akasema.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Kipande cha moyo wangu kilitaka kukatwa. Nililala kwenye mkeka na homa, wenzangu wameenda shule, nyumba kimya, mate nikiyatemea kwenye kopo maana kuyameza ilikuwa kazi. Nikawaza: nikikatwa, nitakuwa kama wao. Shangazi atanishika kidevu kila asubuhi aone kidonda. Mara nikamkumbuka mjomba nisiyemjua, nikafunga kinywa hata pale ambapo hakuna aliyeniambia nikifungue.

Siku ya soko mkataji akaja na baiskeli. Ni mtu wa mizaha. Aliponiona akapiga makofi. "Huyu ni wa kuolewa, na bado iko na kilimi ya mutoto!" Ua zima likacheka. Akakunjua kitambaa, mkatoka chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, na unga wa dawa ya kupaka. Wakaniketisha kwenye kigoda. Binti mkubwa akasimama nyuma yangu, akanishika kichwa, vidole vyake vikinisugua masikio taratibu. "Haiumi sana, yaya. Mimi nilikuwa mudogo, sikumbuki hata."

"Kinywa," mkataji akasema.

Nikafunga kinywa.

"Binti, kinywa."

Nikabana meno mpaka taya zikatetemeka. Alinigonga shavu kidogo kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi. Watoto wakaanza: "Anaogopa! Mukubwa anaogopa!" Shangazi akainama, uso wake karibu na wangu. "Unanipatisha haya mbele ya watu," akasema chini chini. Nikatafuta sauti, nikapata neno moja tu, na lilitoka kama kitu kinachokwaruzwa. "Hospitali."

"Hospitali?" Akanyooka. "Sisi wote humu tulikatwa. Tulikufa?"

Mkataji akaanza kukunja kitambaa chake, wala hakuudhika. "Mama, kinywa ni ya mwenyewe. Mulango ukifungwa, mugeni anarudi."

Shangazi akafungua fundo kwenye ncha ya kikwembe alichojifunga, akanipa pesa bila kunitazama. "Basi nenda. Miguu uko nayo."

Nilikwenda peke yangu. Kwenye benchi la kituo cha afya kila mgonjwa alikuwa na mtu wake: huyu na mama yake, yule na mume, mzee na mjukuu wa kumshikia fimbo. Muuguzi akaniuliza, "Nani amekuleta?" Nikajionyesha mwenyewe kwa kidole. Akatabasamu. "Haya, mujileta mwenyewe, ingia."

Kwake nilifungua kinywa. Alikandamiza ulimi kwa kijiti, akatazama, akanipapasa chini ya taya, akaniuliza maswali ya kujibu kwa kichwa tu. Homa? Ndiyo. Kikohozi, mafua? Hapana. Akasema kilimi changu hakina kosa. Wagonjwa ni mafindofindo, zile nyama mbili zilizokaa kando kando ya koo. Yamevimba, yameota madoa meupe. Kilimi kimekuwa chekundu kwa sababu kinakaa kati yao. "Nyumba mbili zikiungua, ya katikati itakosa moshi?"

Nikamwonyesha kwa vidole kama mkasi. Akaelewa, akaacha kutabasamu. Kukata nyama iliyovimba hivyo, alisema, ni kutafuta damu, na ugonjwa ungebaki pale pale. Akanipa dawa, akaniagiza nisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na ninywe vitu laini. "Utapona kabla dawa haijaisha. Usiache. Usimugawie mutu. Koo likitibiwa nusu, kuna wakati ugonjwa unashuka mpaka kwenye viungo, mpaka kwenye moyo."

Niliporudi hakuna aliyeuliza walisema nini. Kando ya mkeka wangu kulikuwa na uji umefunikwa kwa sahani. Sijui nani aliuweka.

Nimepona. Dawa niliimaliza yote, hata nilipokuwa nimeshaanza kula bugali. Watoto sasa wananiita Mwenye Kilimi, na jina limefika mpaka kwa majirani. Shangazi ananisemesha kama zamani: lete maji, funga kuku. Kidevu changu hakijaguswa tena.

Jana simu yake ikalia, akanipa. Ni mama. Upepo wa kilimani ulikuwa unapiga ndani ya simu.

"Nimesikia kwa mutu wa huko, ulikuwa mugonjwa wa koo," akasema. Kisha akauliza: "Walikukata?"

"Hapana, mama."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilifunga kinywa."

Mama akacheka. Alicheka sana, kisha kicheko kikageuka kitu kingine, nikamsikia anavuta kamasi. "Mutoto wangu," akasema, na mtandao ukakatika.

Nilibaki na simu sikioni, nikijifanya bado anaongea. Shangazi alikuwa anachambua mchele mlangoni. Baadaye akanyoosha mkono kuichukua simu.

"Amesema nini?"

"Anakusalimia," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ungo wake.