Siku Marita Alipopanda Pikipiki ya Mkwe

Kama humjui Marita wa maharage, basi soko la Tunduma hujafika, umepita tu. Ni yule mama mfupi mwenye sauti kubwa, anayemwapia kila mteja kwamba maharage yake ya Ibaba yanaiva kabla maji hayajachemka vizuri. Uongo mtupu, na wateja wanajua, ila wanamrudia kwa sababu hapunji kipimo. Alizaliwa Msangano, akaolewa Tunduma, akafiwa na mume mapema, Mungu akamwachia binti mmoja, Pendo. Kila alichofanya tangu hapo, kubeba magunia, kugombana na madalali, kulala na njaa, alimfanyia huyo Pendo.

Naye Pendo, pamoja na wanaume wote waliojaa Tanzania, akaenda kuolewa Nakonde. Ng'ambo, Zambia. Huku kwetu hilo si jambo la kumtoa mtu macho. Wanamwanga wapo pande zote mbili, na huo mpaka uliwakuta wapo. Ukisimama sokoni Tunduma unayaona mabati ya Nakonde, na ukipika dagaa huku, wa kule wanameza mate. Mume mwenyewe, Chanda, ni fundi wa matairi ya malori, kijana mpole asiye na makuu. Marita hakuwa na neno naye.

Neno alikuwa nalo na mama yake. Bana Chanda, ndivyo Wazambia wanavyomwita, yaani mama wa Chanda, ni mwanamke akishasema amesema. Mimba ya Pendo ilipokuwa kubwa, Marita alivuka kwenda kumwomba binti arudi nyumbani, maana kwa kina Marita mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi wa mwanamke. Bana Chanda akamkaribisha vizuri, akampa ubwali, yaani ugali wao, na kuku, halafu akamjibu: "Kadi ya kliniki iko huku. Mume yuko huku. Mjukuu wangu atazaliwa huku."

Na hapa lazima nikwambie kitu, la sivyo utamwona Marita mkorofi bure. Yeye alimzaa Pendo mama yake akiwa kaburini. Aliumwa uchungu siku nzima akimwita marehemu, na hakuna mkono wa mzazi uliomshika. Tangu siku hiyo aliapa kwamba Pendo hatapita njia ile. Mambo mengine yote ya dunia angeyaachia, hili hapana. Akarudi sokoni amevimba, na kwa siku kadhaa ukinunua maharage kwake unapewa na lawama za Bana Chanda juu, bila kuongeza hela.

Basi mwishoni mwa Januari, mvua zimeshika kisawasawa na soko zima ni tope, balaa likaanzia kwa Mwasiti. Mwasiti ni jirani yake Marita, muuza vitenge aliyetokea Kigoma. Redio yake hulia kutwa, naye huisikiliza nusunusu kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. Mara tukamsikia anapiga yowe.

"Jamani! Wanajitoa! Wanajitoa kwenye jumuiya!"

"Kina nani?" Marita akauliza.

"Sijawasikia vizuri, kuna mteja ananiuliza bei hapa. Lakini jumuiya ipi nyingine, Mama Pendo? Si hii yetu na Wazambia? Lisemwalo lipo, kama halipo laja!"

Ungedhani mtu mzima angemcheka. Bahati mbaya mtu mzima mwenyewe alikuwa Mzee Athuman wa spea, na Mzee Athuman ana kumbukumbu. "Msishangae," akasema. "Sisi wenyewe mwaka elfu mbili si tulijitoa COMESA? Nilikuwa hapa hapa. Ukiuliza kutakuwaje, kila mkubwa anakwambia tusubiri. Tulisubiri weee."

Hapo ndipo soko lilipowaka. Mpakani, mwanangu, hatuli siasa lakini siasa inatula. Wakubwa wakitia saini huko mbali, sisi huku ndio tunaambiwa mzigo wako umekuwa haramu tangu asubuhi. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa geti litafungwa kesho. Baada ya adhuhuri ikawa geti linafungwa jioni, aliye kule abaki kule, aliye huku abaki huku. Wenye bidhaa Nakonde wakaanza kukimbia. Vijana wa bodaboda wakapandisha nauli bila haya. Na hakuna hata mmoja aliyeweza kukuonyesha mtu aliyeisikia hiyo habari mwenyewe.

Marita hakuwaza maharage. Aliwaza tumbo la Pendo. Akaona geti limefungwa, binti analia ng'ambo anaita mama, na yeye amesimama huku anatazama mabati. Akampigia Pendo, simu ikaita mpaka ikakata. Akafunga kanga kiunoni, akachukua kikapu chake, akamwambia Mwasiti, "Nitazamie meza. Namfuata mwanangu, na huyo mama leo atanitambua."

Getini foleni ilikuwa ndefu, watu wanasukumana kama wanagawiwa bure. Marita akaitazama, akakata kushoto, akapita njia ya panya nyuma ya nyumba, tope mpaka kwenye mashavu ya miguu. Si vizuri, najua, na yeye anajua. Akatokea Nakonde akihema, akafika nyumbani kwa Bana Chanda, akapiga hodi. Kimya. Akapiga simu tena, akaisikia inalia mle ndani. Kisha mlango ukafunguliwa, akatoka mtu mmoja tu, macho mekundu kwa usingizi: Chanda, mkwe wake, aliyekuwa amekesha kwenye matairi.

Hapo sasa ndipo penye kazi. Kwa Wanamwanga mama mkwe na mkwe mwanaume hawatazamani usoni, wala hawazungumzi ana kwa ana. Wakitaka kuambizana jambo wanampitisha mtu. Na mtu hayupo! Marita akageuka haraka akautazama mgomba. Chanda akageuka akautazama ukuta. Wakasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, heshima imewabana pande zote. Uani palikuwa na kuku mmoja tu, anaparua.

Marita akamwambia kuku, "Wewe kuku, hebu muulize mwenye nyumba, Pendo yuko wapi?"

Chanda akakohoa. "Kuku, mwambie mama, Pendo ameondoka na mama yangu."

"Kuku! Muulize, wamekwenda wapi na mwanangu?"

"Mwambie, wamekwenda Tunduma."

Marita nusura ageuke. "Tunduma? Kufanya nini?"

Alisahau kuku, na Chanda naye akasahau. Akauambia ukuta mbio mbio kwamba asubuhi uchungu ulianza kidogo kidogo. Wakati huo huo soko la Nakonde lote lilikuwa linasema Tanzania inajitoa, geti linafungwa. Bana Chanda alikaa kitako, akafikiri, kisha akasimama akasema: "Mtoto wa watu hawezi kuzaa huku geti limefungwa, mama yake yuko kule. Chukua kanga zako, twende kwenu." Chanda akataka kwenda nao, akakatazwa. Mambo ya kina mama. Wamepita getini na vitambulisho vyao, wamepanga foleni kama watu.

Marita akakaa chini, pale pale kwenye tope. Fikiria. Yeye anapenya uchochoroni kwenda kumnyang'anya yule mama binti yake, na yule mama amesimama kwenye foleni, na mvua ile, anamletea.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi siko nyumbani!"

Chanda alishavuta pikipiki yake. Bodaboda hata moja haikuwepo, zote zimekimbilia getini. Wakaitazama pikipiki, yeye kwa upande huu na kijana kwa upande ule. Mama mkwe kukaa mgongoni kwa mkwe! Msangano wakisikia hawatakaa watulie. Lakini uchungu haungojei mila. Marita akampa kuku neno la mwisho: "Mwambie asigeuke." Akapanda, akapachika kikapu katikati yao, akakishika kwa mikono miwili, na uso akauelekeza kwa nyumba za watu. Wakaondoka. Wanawake wa Nakonde waliokuwa barazani walisahau habari za jumuiya papo hapo.

Getini waliiacha pikipiki wakaingia ndani, safari hii kwa mlango halali. Kijana wa uhamiaji dirishani, sauti imemkauka kwa kujibu swali moja tangu mchana, alikuwa anawaambia watu: "Jamani, nisikilizeni. Waliojitoa ni nchi tatu za Afrika Magharibi. Ma-gha-ri-bi. Kwenye jumuiya yao. Hapa hakuna anayefunga kitu!"

Watu wakaguna, wengine wakacheka kwa aibu, mmoja akadai nauli yake kwa bodaboda. Mama mmoja mwenye ndoo akauliza, "Na kesho?" Kijana akasema, "Kesho sijui, mama. Mimi naambiwa kama wewe." Jibu la kweli kabisa, na mpakani ndilo tunaloishi nalo. Marita hakungoja kulisikia mara mbili.

Mwasiti alikuwa njiani anapunga mikono. "Kituo cha afya! Nimewapeleka mwenyewe! Kimbia, Mama Pendo!"

Alikimbia. Alipoingia kwenye korido alimkuta Bana Chanda kwenye benchi, sketi tope mpaka magotini, kitambaa cha kichwa kimelowa, na mkononi ana kichanga kimefungwa kwenye kitenge. Mtoto wa kiume. Kimeshazaliwa, kimeshalia, kimeshalala. Amechelewa. Miaka yote ile ya kuapa, na siku yenyewe alikuwa ng'ambo anaongea na kuku.

"Alikuita sana," Bana Chanda akasema kwa Kinamwanga, taratibu. "Nesi aliniruhusu kuingia. Nilimpa mkono wangu. Nikamwambia, ushike kama wa mama yako, uuminye unavyotaka." Akauonyesha mkono, una alama nyekundu za kucha. "Nisamehe, mama. Nilitaka akukute."

Marita, mwanamke ambaye soko zima linamwogopa kwa mdomo, aliweka kikapu chini. Akapiga magoti sakafuni, akapiga makofi yale ya taratibu ya kushukuru, machozi yanamtiririka bila kificho. "Natotela," akasema, kwa Kibemba cha wateja wake, maana Kinamwanga kilimtoroka. "Natotela, mama. Natotela sana. Mimi nilikuwa nakuja kukugombeza. Mwanangu hakuwa peke yake. Mungu akulipe, maana mimi siwezi."

Bana Chanda naye hakukubali kukaa juu ya mtu aliyepiga magoti. Akashuka, na mjukuu mkononi, akapiga magoti mbele ya Marita. Mmoja akisema simama, mwingine anasema simama wewe. Chanda aliyekuwa mlangoni akageukia ukuta. Nesi akapita akiwa na beseni, akawaambia wanaziba njia.

Ndipo sauti ya Pendo ikatoka chumbani, imechoka, ikaita, "Mama!"

Wakaitika wote wawili.